Tangi la mafuta likivuja: Mvuke ndio wa kuogopwa kwanza

Na MWANDISHI WETU

WAMILIKI wa matatu na vani za zamani katika pwani ya kusini, kuanzia Likoni hadi Msambweni na Lunga Lunga, wanaijua harufu ya petroli inayotanda uani alfajiri kabla ya injini kuwashwa. Baadhi yao huipuuza kwa kuwa gari bado linakwenda. Wengine hutafuta kipande cha sabuni ya kufulia, wakalipaka tundu na kuelekea stejini Ukunda kama kawaida.

Sabuni hiyo si upuuzi. Petroli haiyeyushi sabuni, na gari lililokwama Ramisi usiku linaweza kufika nyumbani kwa njia hiyo. (Chingamu, ambayo nayo ina watetezi wengi, hulainika kwa petroli na kubanduka.) Tatizo huanza pale dawa ya saa chache inapogeuzwa kuwa ya miezi. Gari hilo hilo litapanda feri ya Likoni, ambako abiria wa miguu na magari husafiri kwenye sitaha moja, na hakuna pa kukimbilia ila majini.

Jambo la kueleweka mapema ni kwamba kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse joto la Diani. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hivyo haupai kama moshi; hutambaa ardhini, ukafuata mteremko na kujikusanya mashimoni. Ndiyo sababu jiko la makaa lililo upande wa pili wa ua linaweza kuuwasha, na moto ukarudi mbio hadi chini ya gari. Penye nyumba za makuti, moto wa namna hiyo hauishii kwenye gari. Taifa limekwisha kuonja uchungu wa petroli iliyomwagika: Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, na mtaa wa Sinai jijini Nairobi tarehe 12 Septemba 2011. Mikasa hiyo miwili iliangamiza zaidi ya watu 200.

Dizeli ni pole kidogo kwa kuwa haitoi mvuke wa kutosha kuwaka hadi ipashwe moto kupita nyuzi 50, lakini maelezo yanayofuata yanaifaa pia.

Kwa nini matangi ya pwani hutoboka upesi? Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililopita umri wa miaka minane. Kwa hivyo vani iliyoundwa mwaka wa 2000 imekwisha kuishi kwenye barabara zetu kwa zaidi ya miaka 15. Upepo wa baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chumvi, na magari yanayovuka Likoni hukanyaga gati lililolowa maji ya bahari. Tangi la chuma la vani nyingi huning'inizwa kwa mikanda miwili ya bati nene, na kati ya mkanda na tangi huwa na kipande cha mpira. Mchanga na chumvi hunaswa hapo, pakakaa unyevu mwaka mzima, na kutu hula chuma pasipo kuonekana.

Kutu nyingine hutoka ndani. Madereva wengi hununua mafuta ya shilingi mia chache kila mara, na tangi hukaa karibu tupu. Nafasi iliyobaki hujaa hewa ya pwani yenye unyevunyevu, ambayo usiku hupoa na kuacha matone. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama sakafuni mwa tangi na kuanza kazi yao.

Kabla ya kulaumu tangi, hakikisha kwamba ndilo linalovuja. Mafuta yakidondoka tu baada ya kujaza hadi juu, mara nyingi kosa liko kwenye mpira wa kujazia, klipu zake, au gasketi ya kipimo cha mafuta kilicho juu ya tangi. Ukarabati wake ni wa kubadilisha kipande tu. Yakidondoka injini inapounguruma pekee, tazama mabomba yanayopeleka na kurudisha mafuta. Yakidondoka usiku kucha gari likiwa limezimwa, hapo tangi lenyewe linashukiwa. Futa sehemu ya chini ikauke, kisha paka chaki nyeupe kwenye maungio na pembeni mwa mikanda. Baada ya dakika chache chaki itageuka rangi pale mafuta yanapotokea. Usidanganywe na mahali tone linapoangukia, kwani mafuta husafiri kwenye bati kabla ya kudondoka.

Kazi hii ifanywe mchana, mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na watoto. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Taa ya balbu ya kioo isiingizwe chini ya gari, maana ikianguka na kuvunjika hutoa cheche. Tumia tochi uliyoiwasha ukiwa mbali. Gari lisimame juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Lita 60 za petroli zina uzito wa kilo 44 hivi, kwa hivyo mafuta yatolewe kabla ya mikanda kulegezwa.

Kuyatoa ndiko kunakowaumiza wengi. Desturi ya kufyonza mpira kwa mdomo ni ya kuachwa kabisa, kwani petroli kidogo ikipenya mapafuni huyachoma. Pampu ndogo ya mkono inatosha. Mtungi wa kupokelea uwe wa chuma, uwekwe chini ardhini wala usishikwe mkononi, na kamwe usiwe ndoo ya plastiki iliyo wazi, kwani plastiki hukusanya umeme tuli. Wala petroli chafu isimwagwe mchangani. Familia nyingi za Tiwi, Diani na Msambweni hutegemea visima, na mchanga na mwamba wa matumbawe vilivyo chini yetu hupitisha kila kinachomwagwa.

Tundu likiwa dogo kama ncha ya msumari, na bati linalolizunguka likiwa bado gumu, linaweza kuzibwa nyumbani. Likwangue kwa msasa na mkono, bila mashine ya umeme, mpaka chuma king'ae kwa upana wa vidole viwili kila upande. Lifute mafuta yote, kisha tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya mafuta, ukiiimarisha kwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Iache siku nzima ikauke. Gundi ikipakwa juu ya bati lenye unyevu wa petroli haitashika, hata iwe ya bei gani. Mtindo wa kukaza skrubu yenye washa ya mpira tunduni hauna budi kutiliwa shaka: kwenye bati lililolika, skrubu hupanua kile ilichokuja kuziba. Tangi la plastiki nalo halishiki epoksi, hilo hubadilishwa.

Lakini bonyeza bati kwa kidole gumba kabla ya kununua gundi. Likibonyea au kumeguka, tundu uliloliona ni la kwanza tu kati ya mengi. Tangi lingine, hata la mitumba, likaguliwe ndani kwa macho kabla ya kulipiwa, na litakuwa nafuu kuliko viraka vitatu.

Kuhusu kuchomelea, jibu kwa mtu aliye nyumbani ni hapana. Watu hudhani tangi tupu ni salama kuliko lililojaa, kumbe ni kinyume. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Tupu lina hewa na mvuke kwa pamoja. Petroli ya vijiko viwili vya chai, iliyobaki katika maungio na kwenye kutu, yatosha kulifanya tangi la lita 60 kuwa bomu. Kulisuza kwa maji mara moja hakuiondoi, na kuliacha juani siku mbili hakutoshi. Hata ule ujanja wa kulijaza moshi wa ekzosi si wa kutegemewa, kwani hakuna anayepima hewa iliyosalia ndani. Fundi mwenye ujuzi hulisafisha kwa mvuke wa maji moto kwa muda mrefu, kisha hulijaza gesi isiyowaka au maji karibu na mahali pa kuchomelea. Ukimwona fundi wa jua kali akiwasha mashine bila hatua hizo, chukua tangi lako na uondoke. Huna haja ya kubishana naye.

Tangi likisharudishwa na mpira mpya kuwekwa chini ya mikanda, tia lita tano tu kwanza na ukague maungio. Kisha lijaze, tandaza boksi kavu la karatasi chini ya gari likiwa nje, na ulitazame asubuhi.