Jiwe Lililogeuzwa Juu Chini



Mtu ashukaye feri Likoni na kupanda gari la Msambweni hutaka kujua jambo moja: bado ni mbali? Hutazama vibao kando ya barabara, Tiwi, Ukunda, Gazi, na moyo wake hutulia. Warumi nao walikuwa na vibao vyao, ila vya mawe. Kila baada ya maili moja, iliyokuwa kama mita 1,480 kwa kipimo chetu, walisimamisha nguzo na kuchonga juu yake idadi ya maili pamoja na jina la Kaisari.

Mtume Paulo alipita penye nguzo hizo. Twasoma katika Matendo 28:15 kwamba ndugu wa Roma walikuja kumlaki mpaka Soko la Apio. Mahali hapo palikuwa kwenye maili ya 43 kutoka Roma. Hebu fikirini, maili 43 kwa ajili ya mfungwa!

Walakini, miaka ilivyozidi kupita, nguzo zilibadilika kazi. Kufikia karne ya 3 na ya 4, jina la Kaisari lilikuwa limerundikiwa sifa: asiyeshindwa, mcha miungu, aliyezaliwa kwa manufaa ya dola. Nyingi hazikutaja maili hata kidogo. Kaisari akianguka, jina lake huenda likafutwa kwa patasi na la mwingine kuchongwa mahali pake.

Mwaka 1894 jiwe la namna hiyo lilionekana mtoni karibu na mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza. Ncha moja ina jina la Carausius, jemadari aliyejitwalia Uingereza mwaka 286, akauawa na waziri wake mwenyewe mwaka 293. Ncha ya pili ina jina la Konstantino, yule yule aliyewapa Wakristo uhuru mwaka 313. Jina lake lilichongwa mwaka 306 au 307, alipokuwa bado kijana. Watu walilichukua jiwe, wakaligeuza juu chini. Jina la Carausius likaingia udongoni, la Konstantino likasimama juu. (Ajabu ni kwamba sarafu za Carausius ni nyingi, lakini jiwe lenye jina lake linalojulikana ni hilo tu.) Na maili? Haikuandikwa, huku wala huku. Msafiri aliyechoka alisoma habari za wakubwa, asijue kama atafika kabla ya giza.

Habari hii ilitukumbusha ushirika mmoja wa huku kwetu Kwale. Tulibishana miezi mingi juu ya jiwe la msingi: jina la mgeni rasmi litangulie, au la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi? Nasi tulikuwamo, tena tulipaza sauti. Jiwe likawekwa, zuri kweli. Siku chache baadaye mama mmoja alitoka Lunga Lunga na mtoto mgonjwa, akitafuta kuombewa. Alilipita kanisa mara mbili, maana barabarani hapakuwa na kibao wala mshale. Aliyemsaidia ni muuza madafu, Mwislamu, aliyeacha mkokoteni wake akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jumapili iliyofuata tulichanga pesa za ubao na kopo la rangi. Mvua za masika zimekwisha kuifuta rangi ile nusu, na Jumamosi hii vijana wataipaka tena.