Fahamu: Hadubini inaonaje kile jicho lisichokiona?

Ukipimwa malaria kwa hadubini, tone la damu yako hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Mtaalamu wa maabara huchungulia. Akiona pete nyembamba ya samawati yenye nukta nyekundu ndani ya chembe ya damu, amekipata kimelea.

Hadubini ya mwanga
Taa hupenyeza mwanga kwenye sampuli kutoka chini. Lenzi iliyo karibu na kioo, ikiwekewa tone la mafuta, hukuza mara 100 na ya jichoni mara 10: jumla mara 1,000. Alphonse Laveran aligundua vimelea vya malaria kwa hadubini ya mwanga nchini Algeria mwaka 1880.

Hadubini ya mng'ao
Katika kupima kifua kikuu, makohozi hutiwa rangi ya auramini. Yakimulikwa kwa mwanga wa buluu, bakteria hung'aa gizani, hivyo huonekana upesi.

Hadubini ya elektroni
Mwanga una kikomo: vitu vilivyoachana kwa chini ya nanomita 200 hivi huonekana kama kimoja. Virusi vingi ni vidogo kuliko hapo. Hivyo hutumika elektroni, zinazokusanywa kwa sumaku ndani ya chumba kisicho na hewa. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya kwanza ya aina hii Ujerumani mwaka 1931.

Lakini kwa mgonjwa mwenye homa zahanatini, hadubini ya mwanga na jicho lililofunzwa vyema bado huokoa maisha. Tuvitunze vyote viwili.