Chuma Kinapopotoka Njia: Upimaji wa Mwendo kwa Wanyanyuaji wa Ridhaa

Wanaonyanyua vyuma kwa kujifurahisha, wawe Mbinga mjini au Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aghalabu huhesabu kilo tu. Kwa usalama wa mgongo, inafaa pia kupima kama chuma hurudia njia na kasi ileile kila kinapoinuliwa.

Kwanza uzito ujulikane. Chuma cha kujitengenezea, chenye makopo ya zege nchani, huweza kuelemea upande mmoja. Mbinga, nchi ya kahawa, mizani ya kupimia kila kopo haikosekani. Kisha simu ya kurekodia isimamishwe ubavuni mwa mnyanyuaji, kwa kimo na umbali uleule kila siku. Ikihamishwa, tofauti inayoonekana yaweza kuwa ya simu, wala si ya mwili. Hapo ndipo vipimo vya mitaani hupotosha.

Chuma kinachoinuliwa kutoka chini hupanda karibu wima, juu ya katikati ya wayo. Kikipanda sentimita 50 kwa sekunde 1, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Kikitumia sekunde 1.25, kasi imeshuka kwa asilimia 20, na baadhi ya makocha hukomesha mkupuo hapo. Kikisogea mbele, mbali na miguu, mzigo wa kiuno huongezeka ingawa kilo ni zilezile.

Upimaji huu ni wa mwenye afya. Maumivu ya mgongo yenye ganzi ya sehemu za siri, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo hayasubiri wala hayachuliwi: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.