Karabina Zisizotengenezwa Tena

Hapa Eastleigh, First Avenue, karabina, pete za kufungia zenye kilango cha springi, za rangi rangi huning'inizwa pamoja na makava ya simu, nazo ni za kushika funguo tu. Yangu ni ya kazi nyingine. Imechapwa kN 24, nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili na nusu, na kiwanda kiliacha kuitengeneza kitambo.

Sisi tunaopanda miamba ya Lukenya na Hell's Gate huomboleza mtindo wa karabina ukiondolewa sokoni. Kamba na mikanda ya nailoni huzeeka hata ikilala kabatini. Watengenezaji wengi huipa miaka 10 tu. Karabina ya alumini haina tarehe ya mwisho, basi mkono huizoea mno. Karabina nyingi za sasa ni nyepesi, na ndogo pia. Hebu jaribu kufungua moja ukiwa na glavu kwenye baridi ya Mlima Kenya!

Ila si kila kilio nakiunga mkono. Karabina nyingi za zamani zina kijino puani, pale kilango kinapofungia, na kijino hicho hunasa mkanda unapouchomoa. Pua laini ya siku hizi ni bora, tusibishane. Na wakati mwingine kuacha kifaa kizima ni jambo jema: mwaka 1972 Yvon Chouinard, Mmarekani mtengenezaji wa vifaa vya kupandia, alianza kuachana na misumari ya miambani iliyokuwa uti wa biashara yake, kwa sababu ilichimbua nyufa za mawe. Alifanya vyema.

Yangu naikagua pale kamba inapopita. Mfereji wenye ukingo mkali ukitokea, naitupa.