Mti Uliosimulia: Heshima ya Msalaba Zama za Kale (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha hujaji Egeria huko Yerusalemu, miaka ya 380, akiwatazama waumini wakipita mmoja mmoja siku ya Ijumaa Kuu kuubusu mti wa Msalaba. Mashemasi waliulinda, maana ilisemekana mtu fulani aliwahi kuinama kana kwamba anabusu, akang'ata kipande akaondoka nacho. Mapenzi mengine yanahitaji askari.

Leo twende Ruthwell, kusini mwa Uskoti. Hapo upo msalaba wa jiwe wa karne ya 8, wenye kimo cha zaidi ya meta 5. Pembeni mwake zimechongwa herufi za runi, na anayesema ndani ya maneno hayo ni Msalaba wenyewe. Maneno yanayokaribiana nayo yamo katika shairi refu la Kiingereza cha kale, lililonakiliwa karne ya 10 katika mswada uliohifadhiwa Vercelli, Italia. Wataalamu huliita Ndoto ya Msalaba.

Katika shairi hilo, mtu amelala. Anaona mti uliopambwa kwa dhahabu na vito, mara unatoka damu. Kisha mti unasimulia ulivyokatwa ukingoni mwa msitu, na jinsi Bwana alivyoujia. Hakuburutwa, alivua nguo kama shujaa kijana anayeingia vitani, akapanda mwenyewe. Mti ungeweza kuwaangukia maadui ukawaponda wote, lakini Bwana hakutaka uiname. Kwa watu wa zama za shairi hili, askari kumwacha mkuu wake auawe ilikuwa aibu isiyofutika. Mshairi anatuonyesha mtumishi ambaye utii wake ndio unaombebesha kifo cha bwana wake. Mimi sijui hubiri la Ijumaa Kuu linalonichoma zaidi.

Ushindi huo wa Bwana anayeupanda msalaba kama shujaa umo pia katika michoro. Kwenye kanisa la Sant'Apollinare in Classe, Ravenna, lililotabarukiwa mwaka 549, msalaba wa vito unang'aa kati ya nyota 99. Mwili unaoteseka haupo. Katikati kuna uso mdogo tu wa Kristo.

Msalaba wa Ruthwell wenyewe ulivunjwa mwaka 1642, baada ya Kanisa la Uskoti kuuhesabu kuwa sanamu. Mchungaji Henry Duncan alikusanya vipande akausimamisha tena mwaka 1823. Mikono yake ya asili haikupatikana. Hii tunayoiona leo aliichongesha yeye.