Fundi wa Kompyuta Hapimwi kwa Kukariri

Kompyuta imekwisha kuingia katika kila mahali pa kazi mjini: bandarini, hospitalini, benki, kiwandani, na hata katika duka la dawa la mtaani. Inapofanya kazi hakuna anayeikumbuka. Inapogoma, foleni husimama, mishahara hukwama, na mgonjwa hukaa akisubiri kadi yake. Ndipo huitwa fundi. Na wazazi wengi wa mjini wanajiuliza: kijana wetu hufungua mashine hizi na kuzifunga tena hapa nyumbani, lakini mwajiri atajuaje kwamba yeye ni fundi wa kweli?

Kwa mafundi wa zamani jibu lilikuwa jaribio la ufundi. Seremala, mwashi na fundi umeme walipimwa kwa madaraja, na kila mwajiri alijua maana ya daraja la tatu na la kwanza. Kwa fundi wa kompyuta anayeanza kazi, mojawapo ya vipimo vinavyojulikana zaidi duniani ni cheti kiitwacho A+, ambacho kilianza kutolewa na CompTIA ya Marekani mwaka 1993.

Mtihani huu una sehemu mbili, na hapana budi kufaulu zote mbili. Kila sehemu ina maswali yasiyozidi 90, nayo hufanywa kwa dakika 90. Alama hupimwa kuanzia 100 hadi 900. Sehemu ya kwanza inataka alama 675, na ya pili alama 700. Matoleo yenye namba 220-1201 na 220-1202 yalianza kutumika mwezi Machi, 2025, na yale yaliyotangulia yakaondolewa mwezi Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamnunulia mwanao kitabu, tazama namba iliyo kwenye jalada. Kitabu cha zamani huuzwa rahisi, lakini huenda kikamtayarisha kwa mtihani usiokuwapo tena.

Je, mtihani huuliza nini? Sehemu ya kwanza huhusu vifaa vyenyewe, mitandao, simu na kompyuta za mkononi. Sehemu ya pili huhusu mfumo endeshi, usalama, hitilafu za programu na taratibu za kazi. Lakini fungu kubwa kuliko yote katika sehemu ya kwanza, yaani asilimia 28, ni la kutafuta na kuondoa hitilafu. Hapa ndipo mtahini anapomtenga fundi na mkariri.

Tuchukue mfano. Karani analalamika kwamba kompyuta yake haipati mtandao. Aliyekariri hukimbilia kubadilisha waya, kisha kadi ya mtandao, na mwisho huifuta mashine nzima. Fundi huanza kwa kuuliza: hali hii ilianza lini? Ni kitu gani kilichobadilishwa jana? Je, jirani zako nao wamekatikiwa? Kisha hutazama anwani ya mashine. Akiikuta inaanza na 169.254, anajua kwamba kompyuta iliomba anwani kwa mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Sasa ana dhana ya kufanyia kazi, nayo anaijaribu kabla ya kugusa kitu kingine.

Huo ndio utaratibu ambao mtihani huudai, nao una hatua sita: kuitambua shida, kukisia chanzo chake, kuijaribu dhana hiyo, kupanga matengenezo na kuyatekeleza, kuhakikisha kwamba kila kitu kinafanya kazi na kuweka kinga, na mwisho kuandika yaliyofanyika. Hatua ya mwisho hudharauliwa na wengi, lakini ndiyo inayomwokoa fundi wa zamu ya pili asianze upya.

Matayarisho yafuate njia hiyohiyo. Orodha kamili ya mambo yatakayoulizwa hutolewa bure na CompTIA yenyewe. Mwanafunzi aichukue, aweke alama kwenye anayoyajua, na wiki zake azitumie kwa yale asiyoyajua. Yako mambo ya kuweka kichwani, kwa mfano kwamba mlango namba 443 ndio upitao mawasiliano ya siri ya tovuti. Hayo ayasome kidogo kidogo kila siku. Yaliyobaki ayatende kwa mikono. Kompyuta moja mbovu, iliyonunuliwa kwa bei ya chakavu, yatosha kumfundisha kutoa kumbukumbu, kubadilisha diski na kuweka mfumo endeshi upya. Jambo moja la hatari alijue: kisanduku cha umeme cha ndani hakifunguliwi hata kikiwa kimechomolewa, maana huweza kubaki na umeme wa kudhuru.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtihani haufanywi kwa Kiswahili. Mara nyingi majibu mawili huonekana kuwa sahihi, na neno moja lenye herufi kubwa, lenye maana ya “kwanza” au “bora kuliko yote”, ndilo linaloamua. Asiyesoma kwa utulivu hujibu swali ambalo hakuulizwa. Kadhalika, maswali ya vitendo huchukua muda mrefu, na kwa kawaida huja mwanzoni. Yafaa kuyaacha yale magumu, kujibu mengine, kisha kuyarudia.

Sasa tuseme juu ya fedha. Kila sehemu hulipiwa ada yake, na anayeshindwa hulipa tena. Kwa nyumba inayoishi kwa mshahara mmoja, huo si mzigo mdogo. Ndiyo maana wapo wanaoshawishika kununua maswali yaliyoibwa. Njia ya mwongo ni fupi. Sheria za mtihani zinakataza jambo hilo, na atakayegunduliwa huweza kunyang’anywa cheti. Na hata asipogunduliwa, siku mashine itakapogoma mbele ya mkuu wake wa kazi, hapatakuwa na karatasi ya majibu.

Wazazi, msimharakishe mwana kwa sababu jirani amekwisha kufaulu. Mpeni saa za kusoma bila kutumwa dukani, na ada isilipwe mpaka awe amefaulu mazoezi ya nyumbani zaidi ya mara moja. Jina la kujiandikishia lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Na akumbuke kwamba cheti hudumu miaka mitatu tu. Baada ya hapo hana budi kukihuisha kwa masomo mengine au kwa mtihani. Cheti humfikisha mlangoni pa kazi. Kinachomweka ndani ni ule uzoefu wa kuuliza kwanza, kufikiri, na ndipo kushika bisibisi.