Hatua za binti aingiaye utawa

Wazazi wa Kamanyola, binti yenu akisema, «Nataka kuwa sista», msimzuie, wala msimsukume. Neno lake lapaswa kupimwa, na Kanisa hulipima polepole.

Kwanza huwa aspiranti, kisha postulanti: huishi na masista, nao huangalia afya, akili na tabia yake. Akitimiza walau miaka 17 aweza kuingia novisiati. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai humo akae miezi 12 angalau, akijifunza sala, kimya na kanuni ya shirika. Ndipo huweka nadhiri za ufukara, useja na utii, lakini za muda tu: miaka 3 hata 6, nayo yaweza kuongezwa kufikia 9. Mwisho ni nadhiri za daima, naye awe ametimiza miaka 21.

Kwa nini safari ndefu hivyo? Ili atoe neno lake kwa hiari. Nadhiri ya kulazimishwa ni batili. Basi novisi aweza kurudi kwao, na sista pia, muda wa nadhiri zake ukiisha. Binti arudiye hakuvunja ahadi yoyote. Mpokeeni bila masengenyo.

Naye adumuye, mtazameni Mwenyeheri Anuarite wa shirika la Jamaa Takatifu. Aliweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alikubali kuuawa kuliko kuzivunja. Hakuna aliyemlazimisha kuahidi. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlazimisha kukana.